Dalili moja, sababu nne: uchambuzi wa kisa cha kambi ya kanisa milimani Colorado

Usuli

Kanisa linalohusika ni la Kipentekoste na ibada zake ni za Kiswahili. Waumini wengi ni Wakongomani waliofika Marekani baada ya miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Tanzania, Burundi, Uganda na Kenya. Linakutana eneo la Denver, jimbo la Colorado, jiji lililo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Jina la kanisa, jina la kituo cha kambi, mwaka, na lolote linaloweza kumtambulisha kijana aliyeugua vimeondolewa.

Kambi ilipangwa wikendi ndefu ya Siku ya Marais, ambayo huangukia Jumatatu ya tatu ya Februari. Kituo kiko mita 2,800 hivi, upande wa magharibi wa mgongo wa Milima ya Rocky. Waliopanda Kilimanjaro wafikirie kibanda cha Mandara, ambacho hakipishani sana na urefu huo. Tofauti ni kwamba Mandara unafika kwa miguu, mwili ukipata saa kadhaa za kuzoea, na Colorado unafika kwa gari ukiwa umekaa.

Waliohudhuria walikuwa 64. Kati yao 49 walikuwa wa kanisa lenyewe, na 15 walikuwa kwaya ya vijana iliyoalikwa kutoka jimbo la tambarare, chini ya mita 300. Kwaya iliendesha usiku kucha, ikafika Denver Ijumaa asubuhi, ikapumzika saa tatu, kisha ikaungana na msafara kwenda mlimani.

Ratiba ya siku ya kwanza ilikuwa hivi: kufika alasiri, michezo ya theluji, chakula cha jioni, na mkesha kuanzia saa nne usiku hadi saa tisa. Vijana wanane wa kwaya walikuwa kwenye mfungo mkavu, bila chakula wala maji, tangu Alhamisi jioni. Walikusudia kufungua Jumamosi adhuhuri.

Maandalizi

Usafiri uliandaliwa vizuri. Kwenye barabara ya I-70 kati ya Morrison na Dotsero, sheria ya Colorado inadai matayarisho ya theluji kuanzia 1 Septemba hadi 31 Mei, na kamati ilikagua kila gari wiki moja kabla: tairi za M+S (za tope na theluji) au zenye alama ya mlima na theluji, kashata, yaani meno ya tairi, zisizopungua milimita 4.8, na minyororo kwa magari yasiyovuta magurudumu yote. Magari mawili yalikataliwa. Mavazi nayo yalikuwa sawa, kwa kuwa akina mama walikusanya mabuti, glovu na suruali zisizopenya maji, wakamkagua kila mtoto mlangoni. Hakuna aliyepata jeraha la baridi, na hapo hapahitaji maneno zaidi.

Fomu ya afya ilikuwa na swali moja tu: «Una ugonjwa wowote?» Ilijazwa na wa kanisa. Kwaya ilikuja na orodha ya majina na namba za simu za wazazi, basi.

Jikoni kulikuwa na kilo 6 za maharage mekundu makubwa, unga wa ugali, kuku na mchele. Wapishi ni watu waliokwisha kulisha harusi za watu mia tatu, hivyo hakuna aliyewauliza lolote.

Mtiririko wa usiku wa kwanza

Msafara ulifika saa tisa alasiri. Foleni ya I-70 ilikuwa imekula saa moja na nusu, na maharage yaliyokuwa yalowekwe mapema yakaenda motoni makavu saa kumi na moja jioni, katika sufuria la lita 40. Maji yalipopungua yaliongezwa ya bomba, baridi kama barafu, mara tatu. Wakati huohuo vijana walikuwa wakiteleza kilimani kwa maboya ya mpira. Kupanda na boya na kushuka tena, kwa saa moja na nusu, ni kazi nzito kwa mtu ambaye asubuhi ile alikuwa uwandani.

Chakula kilitolewa saa mbili na nusu usiku. Maharage yalikuwa yameiva juu, ndani bado yanang'ata, lakini watu walikuwa na njaa.

Saa tatu na nusu, wanaume wa bweni B waliingiza kibarazani jiko la mkaa lililotumika kuchoma kuku nje. Kibaraza kile kimezibwa kwa vioo na mlango wake unafunguka ndani ya bweni. Nusu saa baadaye mfanyakazi wa kituo aliliona, akalitoa na kulizika thelujini.

Kuanzia saa nne na nusu watu walianza kulalamika kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu. Watoto wawili walitapika kwanza, kisha watu wazima. Mchungaji, aliyewahi kufika milimani mara kadhaa, alisema ni mwinuko, watu wanywe maji na walale. Wazee waliokulia nyanda za juu za Kivu Kusini walibisha kwamba wao ni watu wa milima tangu kuzaliwa. Hilo halikuwa na uzito: mwili uliozoea mwinuko hupoteza mazoea hayo ndani ya wiki chache za kukaa chini.

Kufikia saa sita usiku wagonjwa walikuwa 19. Hapo mama mmoja wa kanisa, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kulea wazee, akamfuata Mchungaji madhabahuni. «Baba Mchungaji, tusimamishe kwanza. Sijui ni mlima, ni chakula au ni lile jiko. Na hatuwezi kujua watu wakiwa wamelala mabwenini.»

Maamuzi na sababu zake

*Kwanza, kuwatoa wote mabwenini.* Nje ilikuwa nyuzi 17 chini ya sifuri, kwa hiyo walihamishiwa ukumbi wa chakula, blanketi begani, wakahesabiwa kwa majina mlangoni. Sababu ni kaboni monoksidi, hewa ya sumu ya mkaa. Haina harufu, na dalili zake za mwanzo ni zilezile za kichwa na kichefuchefu. Kati ya sababu zote zilizofikiriwa, hiyo ndiyo pekee inayoendelea kuua mtu akiwa usingizini, na ndiyo pekee inayoondolewa kwa kufungua mlango na kutoka. Inaanza hiyo hata kama uwezekano wake ni mdogo.

Kuna waliosema kengele haikulia, kwa hiyo hakuna hewa mbaya. Kifaa cha bweni B kilipoangaliwa kilikuwa cha moshi tu, si cha kaboni monoksidi. Na hata chenye kazi hiyo, kwa viwango vya Marekani, kwenye sehemu 70 kwa milioni kinaweza kuchukua kati ya saa moja na saa nne kabla ya kulia. Wengine walileta oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni. Hakifai kwa swali hili: damu iliyobeba kaboni monoksidi inaonekana kwake kama damu iliyojaa oksijeni, na namba inatoka nzuri huku mtu anazidiwa.

*Pili, daftari.* Kijana mmoja aliyesomea uhasibu alichora safu tano: jina, bweni, amekula maharage au la, ametoka Denver au tambarare, dalili ya kwanza na saa yake. Kazi ilichukua dakika 20, na ndiyo iliyofumbua kila kitu. Wagonjwa walitoka mabweni yote manne, na bweni B halikuwa na wengi kuliko mengine, hivyo jiko likaondoka kwenye orodha ya washukiwa wakuu. Watu 14 walikuwa wamekula maharage na kuanza kutapika saa mbili hadi tatu hivi baada ya chakula. Wanne, watatu kati yao wanakwaya, walikuwa na kichwa kizito na uchovu bila kutapika, sura ya kawaida ya ugonjwa wa mwinuko, ambao huja saa 6 hadi 12 baada ya kufika.

Akabaki mmoja. Kijana wa kwaya, kati ya wale wanane wa mfungo. Hakuwa amekula maharage, wala chochote. Bweni lake halikuwa B. Alikuwa ametapika mara mbili, lakini alipoulizwa kinachomuuma hakutaja kichwa. Aliweka mkono chini ya mbavu za kushoto, na alipovuta pumzi ndefu maumivu yalipanda hadi bega la kushoto. Oksimita ilionyesha 88, huku wenzake waliotulia wakiwa kati ya 91 na 93. Namba ya wenzake si ya kutisha kwa urefu ule.

*Tatu, maombi na simu.* Kundi lilikuwa tayari limemzunguka kijana, wamempaka mafuta na kukemea. Wapo walioona ni shambulio juu ya mfungo wake, na kwamba kuita gari la wagonjwa ni kurudi nyuma kiimani. Mzee wa kanisa ndiye aliyeamua, kwa maneno machache: waombao waendelee kuomba, na mwenye simu apige. Hakumwondoa mtu pembeni ya kijana. Alimtuma mwingine ofisini, maana simu za mkononi hazikushika mtandao na kulikuwa na simu ya waya moja tu. Hofu nyingine, isiyosemwa kwa sauti, ilikuwa bili. Hospitali ya Marekani yenye idara ya dharura inalazimika na sheria ya 1986 kumpima na kumtuliza mgonjwa kabla ya kuuliza malipo, na Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ya jimbo alikotoka mtu hulipia dharura iliyompata jimbo jingine. Mambo haya mawili yangesemwa kwenye kikao cha maandalizi yangeokoa dakika 15 za kunong'onezana.

*Nne, kutompeleka Denver.* Baba mmoja alikuwa amekwisha washa gari. Hoja yake ilikuwa ya busara kwa juu juu: mlima ndio unaomuumiza, basi ashushwe. Lakini kutoka upande wa magharibi, njia ya I-70 kwenda Denver hupanda kwanza hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi, ndipo ishuke. Kijana angepandishwa mita 600 zaidi, bila oksijeni, usiku, barabara ikiwa na barafu, na kama njia ingefungwa angebaki hapo juu. Hospitali ya bonde lilelile ilikuwa mwendo wa dakika 25. Waliita 911, namba ya dharura, na kutaja mambo manne: mahali, umri, maumivu chini ya mbavu za kushoto, na kwamba amefika mlimani leo. Gari la wagonjwa lilifika baada ya dakika 35 likiwa na oksijeni.

Matokeo

Picha ya CT ilionyesha kwamba sehemu ya wengu, yaani bandama, ilikuwa imekosa damu na kufa. Alipewa oksijeni, maji ya mshipani na dawa za maumivu, kisha akahamishiwa hospitali ya Denver kwa gari la wagonjwa, akiwa kwenye oksijeni njia nzima na handakini. Hakufanyiwa upasuaji. Kipimo cha aina za hemoglobini kilionyesha AS: si mgonjwa wa selimundu (siko seli), ni mbebaji, yaani amerithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu. Hakuwa akijua, wala mama yake. Alitoka hospitali siku ya nne.

Waliotapika kwa maharage walikuwa wamepata nafuu kufikia alfajiri. Wanne wa mwinuko walipumzishwa, wakanywa maji, na kufikia Jumapili watatu walikuwa wazima. Wa nne alishushwa Jumamosi mchana, kwenye oksijeni aliyopewa na kliniki ya mji wa jirani. Kambi iliendelea bila mkesha na bila michezo ya kilimani, ikafungwa Jumapili badala ya Jumatatu.

Uchambuzi

Kosa lililogharimu muda zaidi lilikuwa kutoa jina moja kwa dalili zinazofanana. «Ni mwinuko» lilikuwa jibu sahihi kwa watu wanne kati ya 19. Kwa saa moja na nusu lilifunika sumu ya maharage na lilifunika wengu. Mchungaji hakuwa mjinga wa mambo ya mlima. Tatizo ni kwamba aliujua mlima tu. Aliyeujua ugonjwa alijua kuuliza maswali, na tofauti hiyo ndiyo iliyomwokoa kijana.

Tuanze na wengu, maana ndilo jambo ambalo miongozo ya kambi za baridi iliyoandikwa kwa makanisa ya Wamarekani mara nyingi huliruka. Mtu mwenye AS kwa kawaida ni mzima kabisa. Damu inapita polepole ndani ya wengu, na oksijeni ikipungua sana chembe zake zinaweza kujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Upungufu wa maji huzidisha, kazi nzito huzidisha, baridi huzidisha. Kijana huyu alikuwa amekusanya vyote: zaidi ya saa 24 bila maji, usiku mzima garini, mita 2,500 ndani ya siku moja, kisha kupanda na kushuka kilima kwa saa moja na nusu. Ni tukio la nadra, na wabebaji wengi hupanda milima bila shida yoyote. Si sababu ya kumzuia mtu, ni sababu ya kumjua. Katika Afrika ya ikweta wabebaji ni kati ya 10 na 40 kwa kila watu mia. Kwa kundi la 64, hata kwa kiwango cha chini kabisa, wangetarajiwa kama sita humo ndani.

Na kwa nini hakujua? Mtoto aliyezaliwa Marekani hupimwa selimundu siku zake za kwanza, na tangu 2006 majimbo yote hufanya hivyo. Aliyezaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma akaletwa na wazazi hakupitia kipimo hicho cha kuzaliwa. Kwa hiyo ndani ya kwaya moja wadogo wana majibu kwenye mafaili yao, na kaka zao wakubwa hawana. Swali la «una ugonjwa wowote» halimkamati mtu huyu, kwa sababu jibu lake la kweli ni hapana.

Mfungo ni sehemu nyeti, na tunaiandika kwa heshima. Kanisa hili halikuona tatizo kwa sababu mfungo mkavu wa siku mbili umefanyika Denver mara nyingi bila madhara. Mlimani hesabu ni nyingine. Hewa ni kavu na mtu anahema zaidi, hivyo anapoteza maji kwa pumzi bila kutoka jasho wala kuhisi kiu. Waliopanga mfungo hawakukaa na waliopanga michezo, na hakuna aliyeweka karatasi mbili hizo mezani pamoja.

Maharage yanastahili maelezo kamili, kwa sababu kosa hili litarudiwa na kila mpishi mzuri. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, takriban nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kwa mita 2,800 yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi. Sufuria linatokota, mvuke unapanda, mpishi anaona moto uko sawa, lakini ndani si mchemko wa Uvira wala wa Dar. Maharage mekundu makubwa yana sumu ya asili ambayo huvunjwa na mchemko mkali, na joto la nyuzi 80 hivi linaweza kuifanya kali zaidi. Kila lilipoongezwa maji baridi, sufuria la lita 40 lilirudi huko na kukaa muda mrefu. Yakiwa makavu, bila kulowekwa, saa tatu na nusu hazikutosha. Dawa yake ni kuyaloweka saa 8 hadi 12, kumwaga maji ya kulowekea, kuyapika kwa sufuria la presha na kuongeza theluthi moja ya muda wa kawaida, na kuongezea maji ya moto tu. Au rahisi zaidi: yapikwe Denver kwa sufuria la presha, yagandishwe, yaende mlimani kupashwa. Kuku na ugali havikumdhuru mtu.

Kuhusu jiko, kanisa lilikuwa na bahati. Halikuwa chanzo cha ugonjwa usiku ule, lakini lingeweza kuwa. Wanaume wa bweni B walijua hatari ya kulala na jiko ndani, habari ambayo kila mtu aliyekulia na mkaa ameisikia. Walidhani kibaraza ni nje. Kikizibwa kwa vioo ni chumba, na mkaa unaofifia hutoa hewa hiyo kwa wingi.

Kilichofanya kazi ni mpangilio wa hatua. Kwanza wakaondoa hatari inayoua kimya, bila kusubiri ushahidi. Kisha wakaandika. Daftari liliwaonyesha asiyefanana na wengine, na katika msongamano wa watu 19 wanaotapika huyo ndiye anayepotea kirahisi zaidi. Uamuzi wa mzee kutogombanisha maombi na simu nao ulikuwa wa maana kuliko unavyoonekana. Angelazimisha watu wachague, nusu ya ukumbi ungesimama upande wa pili, na mabishano yangechukua muda kuliko gari la wagonjwa.

Lililokosekana ni mamlaka iliyoandikwa. Mama yule alilazimika kwenda madhabahuni kuomba ruhusa ya kusimamisha mkesha. Alipewa. Msichana wa miaka 22 mwenye cheti kilekile angesita, na huenda asingesikilizwa.

Yaliyobadilishwa

Fomu sasa inauliza waziwazi, kwa majina ambayo watu wanayatumia: «Wewe, ndugu yako au mzazi wako ana siko seli, drepanositozi, SS au AS? Uliwahi kupimwa? Ulizaliwa wapi?» Asiyejua anashauriwa kupima kabla ya safari, na mwenye SS, yaani mgonjwa mwenyewe wa selimundu, hapandi bila kauli ya daktari wake. Wageni hujaza fomu ileile, pamoja na ridhaa ya mzazi ya matibabu. Aliyetoka tambarare hulala Denver usiku mmoja, na siku ya kwanza mlimani hakuna michezo ya kilima. Mfungo hufanyika wiki ya kabla. Anayetaka kufunga kambini hunywa maji.

Mtu mmoja wa afya hutajwa kwa jina siku ya kufungua kambi, na ana haki ya kusimamisha ibada yoyote bila kuomba. Vifaa viwili vya kaboni monoksidi vya betri huwekwa mabwenini kabla ya mizigo kuingia. Ramani ya hospitali ya upande uleule wa handaki imebandikwa mlangoni pa ukumbi, pamoja na namba ya simu ya waya ya ofisi.

Kuhusu mkesha wa usiku wa kwanza wazee bado hawajaafikiana. Wapo wanaotaka ubaki kama desturi, watu wakiwa wameketi na kunywa chai, na wapo wanaotaka uhamie Jumamosi. Kambi iliyofuata walijaribu Jumamosi, na kamati imeombwa kuleta maoni ya vijana kabla ya kuamua.